Kioo cha Ubavu, Si Dirisha la Kesi

Ipo tafsiri inayozidi kutambaa katika maandishi ya kompyuta kwa Kiswahili, nayo ni "dirisha la kesi". Inakusudiwa ile sehemu ya kompyuta ya mezani ambapo bati la upande mmoja hukatwa na kutiwa kioo ili feni, taa na nyaya za ndani zionekane. Kitu chenyewe msomaji anakijua. Huenda amekwisha kukitengeneza nyumbani kwa msumeno na tupa, au anacho chini ya meza yake hivi sasa. Kwa hiyo sitatumia wino kukieleza. Shida yangu ni jina, kwa sababu jina hili lina maneno mawili yenye uzito na yote mawili yamekosewa. Kukosea neno moja katika istilahi ni ubinadamu. Kuyakosea yote, kisha kuyapitisha katika kikao cha kamati kabla chai haijapoa, kunataka bidii ya pekee.

Tuanze na kesi, maana kosa lake ni jepesi kulithibitisha. Kesi ya Waswahili iko mahakamani. Mtu akitangaza kwamba amefungua kesi ya kompyuta, wasikilizaji watauliza imeibwa lini na mshtakiwa ni nani. Hakuna atakayefikiri kwamba ameshika bisibisi na kulegeza skrubu mbili za nyuma. Watetezi wa neno hili hujibu kwamba ndivyo Waingereza wasemavyo. Lakini Kiingereza chenyewe kina maneno mawili hapa yaliyogongana sauti. Moja limetoka katika Kilatini capsa, yaani chombo cha kuhifadhia vitu. Jingine limetoka katika casus, yaani anguko au tukio. Kesi ya mahakamani ni mjukuu wa hilo la pili. La kwanza, lile la chombo, lilitufikia zamani kwa njia nyingine: capsa ya Kilatini ilizaa caixa ya Kireno, na Wareno, ambao merikebu zao zilifika Mombasa na Malindi mwaka 1498 na ambao walitolewa katika Ngome ya Yesu mwaka 1698, walituachia kasha kama walivyotuachia meza. Kwa nasaba, basi, kasha ni ndugu wa damu wa neno lilelile ambalo wanakamati wamekwenda kulikopa. Chungu tulikuwa nacho jikoni kwa zaidi ya miaka 300, wao wakapiga hodi kwa jirani kuazima chungu hichohicho, na wakarudi na kifuniko kisichokienea.

Wapo watakaosema sanduku. Silikatai kwa chuki, kwani ni neno zuri la Kiarabu lililotumika kwetu kwa heshima. Lakini sanduku limekwisha kuajiriwa kwingi mno, kuanzia nguo za bibi harusi hadi kura na barua, na kifuniko chake tunakizoea juu. Kasha ni zito, hukaa lilipowekwa, na hubeba mali. Mafundi nao wana sipiyu yao, ambayo kwao ni kompyuta nzima ukiacha skrini, kibodi na kipanya. Wameita kizima kwa jina la kiungo. Anayeagiza sipiyu mjini anaweza kuletewa boksi la kubebwa kwa mikono miwili au kipande kinachoenea kiganjani, na kwa mujibu wa maneno yake hana haki ya kulalamika. Kasha la kompyuta linamaliza ubishi huo wote.

Dirisha ndilo kosa zito, kwa kuwa linaonekana kama si kosa. Neno hili tulilipata kwa Waajemi: kwao dar ni mlango, na darīche ni mlango mdogo. Asili si hakimu wa maana, nalikubali hilo kabla sijakumbushwa, lakini katika shauri hili asili na matumizi vinatoa ushahidi mmoja. Dirisha la Mswahili, kama mlango, hufunguliwa na kufungwa. Nyumba za mawe za mwambao zilikuwa na madirisha ya mbao na vyuma vilivyosimama wima, bila hata kipande cha kioo, na hakuna aliyesema hayakutimia. Kazi yake ya kwanza ni hewa, ya pili ni mwanga, na ya tatu ni kumwita muuza samaki. Hata kompyuta ilipokuja na visanduku vyake vya kwenye skrini, hasa tangu Microsoft ilipotoa programu yake iitwayo Windows mwaka 1985, tafsiri ya dirisha ilitukaa vizuri kwa sababu vile navyo hufunguliwa na kufungwa. Hapo neno lilipata kazi halali katika fani hii. Sasa tunaambiwa lifanye kazi ya pili katika fani ileile, hata mwongozo ukisema "funga dirisha kabla ya kuzima kompyuta", msomaji asijue ashike kipanya au bisibisi.

Tazama pia kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Ndani ya kasha feni za mbele huvuta hewa baridi na za nyuma au za juu husukuma nje hewa ya moto. Bati la ubavuni katika baadhi ya makasha huwa na matundu ya kusaidia upumuaji huo. Mtu akilikata bati lenye matundu akaweka kioo, amebadilisha pafu kwa ukuta: macho yanapita, hewa haipiti. Katika lugha yetu kitu kinachozuia hewa na kupitisha macho hakijawahi kuwa dirisha. Kukiita hivyo ni kumwahidi mnunuzi upepo na kumuuzia joto. Mpinzani wangu mmoja, mwenye kupenda maneno yanayonukia udi, amependekeza shubaka badala yake. Nampongeza kwa kuifungua kamusi, ila hakuisoma hadi mwisho. Shubaka kwetu ni kijitundu au kishimo cha ukutani, na mzizi wake wa Kiarabu, sh-b-k, ni wa kufuma na kusukana, ndio uliozaa shabaka ya Kiarabu, yaani wavu. Neno hilo lingefaa sana ule uso wa mbele wa kasha uliotengenezwa kwa wavu wa chuma, ambamo hewa hupita kweli. Tulihifadhie kazi hiyo, tusilichoshe kwa kazi isiyo yake.

Kilichobaki ni kioo, na hapa naomba subira ya msomaji, maana neno hili limedharauliwa na watu wasiolijua nasaba. Majirani zetu wa Kibantu wamekiita kioo kwa tendo la kutazama: Kiganda kina endabirwamu, kutokana na kulaba, kuona, Kinyarwanda kina indorerwamo, kutokana na kurora, kutazama, Kilingala kina talatala, kutokana na kotala, kutazama. Kiyao na Kimakonde vina kulola kwa maana hiyohiyo. Nacho Kiswahili kina tabia ya kuimeza l iliyo kati ya irabu: njila ikawa njia, kuvala kukawa kuvaa, kukala kukawa kukaa. Anayeviweka vitu hivi pamoja ataona kilolo ndani ya kioo, yaani chombo cha kutazamia, bila kulazimishwa na mtu. Ikiwa ndivyo, kioo kwetu hakikuanza kama jina la mchanga ulioyeyushwa. Kilianza kama jina la kazi, na kazi hiyo ni jicho.

Wasemaji wa leo wanaitunza maana hiyo bila kufundishwa. Sikiliza abiria ndani ya daladala au matatu. Joto likizidi husema "fungua dirisha". Mvua ikianza husema "pandisha kioo". Mahali ni palepale, bali dirisha ni uwazi na kioo ni kizuizi. Pale mbele ya dereva, ambapo hapafunguki kamwe, hakuna anayesema dirisha la mbele. Ni kioo cha mbele. Ndivyo ilivyo kwa kioo cha saa na kioo cha simu. Kila chombo chenye uso wa kupitisha macho usiofunguka, Mswahili amekipa kioo, akaongeza neno la kuonyesha mahali au mwenyewe. Kasha la kompyuta limechelewa tu kufika, na nafasi yake katika safu hiyo ilikuwa wazi inalisubiri.

Mahali pa kioo hicho ni ubavuni. Upande ni neno la ramani na siasa: kuna upande wa kaskazini na upande wa upinzani, wala hauna ngozi wala unene. Pembeni ni kando, mahali pa kumwita mtu mzungumze faragha. Ubavu una mwili. Jahazi hulala ubavu, mgonjwa hugeuzwa ubavu, na anayeogopa jambo husemwa hana ubavu nalo. Nimeambiwa kwamba kasha halina mbavu. Meza nayo haina mishipa na bado ina miguu. Chupa haimezi, ina shingo.

Sasa wapinzani. Wa kwanza husema maghorofa ya miji yetu yana madirisha ya vioo yasiyofunguka, na bado ni madirisha. Kweli, kwa kuwa yamerithi mahali pa dirisha ukutani. Lakini kioo kilipoenea ukuta mzima, watu wale wale walisema jengo la vioo, wala hawakusema jengo la madirisha. Wa pili husema kioo ni cha kujitazamia, tena wengine huita hivyo skrini. Ndiyo maana nikatia ubavu. Hakuna skrini iliyoko ubavuni mwa kasha, na vioo vya pembeni vya gari mafundi wamekwisha kuvipa saitimira yao. Wa tatu ndiye mwerevu kidogo. Husema kwamba kazi ya nyumbani mara nyingi haitumii kioo bali akriliki, ambayo ni plastiki, hivyo jina ni la uongo. Hoja yake ya ufundi ni sahihi: kioo cha kukazwa hupashwa moto zaidi ya nyuzi 600 kisha hupozwa ghafla kwa hewa, na baada ya hapo hakikatwi wala hakitobolewi, kikiguswa na msumeno husambaratika chengachenga. Fundi wa nyumbani hana budi kukiagiza kikiwa kimekatwa kwa vipimo kabla ya kukazwa, la sivyo achukue akriliki. Lakini hoja yake ya lugha imelala. Vioo vya saa nyingi za bei nafuu ni plastiki na hatujawahi kuvinyang'anya jina. Kama nilivyoonyesha, kioo ni jina la kazi. Malighafi haina kura.

Manufaa ya istilahi ya kioo cha ubavu yanaonekana zaidi penye chenga za chuma, wakati wa kukata bati. Bati hufunguliwa kwanza na kupelekwa mbali na mashine, kwa sababu chenga moja ikidondokea ubao mama inaweza kuunganisha njia mbili za umeme. Utepe wa karatasi hubandikwa, mstari huchorwa juu yake ukiacha ukingo wa chuma pande zote nne, drili hutoboa kwenye kona, msumeno huingia hapo na kufuata mstari. Tupa hulainisha kingo, mpira wenye mfereji huvishwa juu yake, kioo hukaa. Kilichobaki mkononi ni ubavu uleule wa chuma uliotiwa kioo, yaani kioo cha ubavu hasa. Makasha ya kiwandani yenye bamba zima la kioo, yaliyozagaa katika muongo wa 2010, ni kitu kingine: hayo yana ubavu wa kioo. Geuza maneno mawili tu, na lugha imekutofautishia kazi ya nyumbani na ya kiwandani kwa kihusishi -a, cha mahali huku na cha malighafi kule. "Dirisha la kesi" ligeuze upendavyo. Utapata kesi ya dirisha, ambayo ni shauri kati ya majirani.

Kwa matumizi, inatosha kusema: kasha lenye kioo cha ubavu, makasha yenye vioo vya ubavu, kutia kioo cha ubavu, ondoa kioo cha ubavu kwa bisibisi. Maneno matatu si marefu kuliko kioo cha mbele, ambacho dereva hukitamka akiwa na hasira bila kukwama. Waliopitisha lile jingine wana mihuri, nami sina. Lakini siku kioo hicho kitakapopasuka, mwenye kasha ataelekea kwa fundi vioo, na huko hakuna atakayemuuliza habari ya kesi wala dirisha.