Njia za Murera na Wanawake Waliocheleweshewa Baiskeli

Ukiiacha Barabara ya Thika na kuingia Murera, Kaunti ya Kiambu, lami haikawii kuisha. Zinazofuata ni njia za udongo mwekundu, na kadiri unavyosogea upande wa Juja Farm udongo unageuka kuwa mweusi, ule unaoganda kwenye viatu mvua ikinyesha hadi mtu akashindwa kuinua mguu. Kuna miteremko ya kushuka mtoni na vilima vya kupanda ng'ambo. Upande wa mashariki Mlima Kilimambogo umesimama peke yake, kilele chake mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Kwa mpenzi wa baiskeli za milimani, eneo hili ni la kutamanika.

Hata hivyo, wanaozifaidi njia hizi kwa baiskeli ni wanaume kwa wingi. Wanawake wanazipita kwa miguu, au wakiwa abiria wa bodaboda. Makala haya yanafuatilia mambo yalivyofikia hapo, kwa sababu historia yenyewe inaonyesha kwamba hali hii haina msingi wa kuendelea.

Mzigo wa mke, baiskeli ya mume

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani William Northrup McMillan alijitwalia maelfu ya ekari kati ya Juja na Kilimambogo. Mwaka 1909 alimkaribisha huko Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliyekuja kuwinda. Baadaye kahawa ilitanda upande wa Ruiru na mkonge upande wa Juja na Thika, na barabara za ndani ya mashamba zikapasuliwa ili mazao yafike viwandani na kwenye reli. Waliozikanyaga kila alfajiri walikuwa vibarua, na kwenye kuchuma kahawa wanawake walikuwa wengi, watoto wakiwa mgongoni.

Baiskeli nazo zilikuja na ukoloni. Walioanza kuzimiliki walikuwa wanaume wenye mshahara: karani, mwalimu, katekista, chifu. Baadaye baiskeli ikawa chombo cha mchuuzi wa maziwa na mbeba makaa. Mwanamke wa Kiambu aliendelea kubeba kuni na maji mgongoni, kamba ikimkaza kwenye paji la uso, ilhali chombo ambacho kingempunguzia uzito huo kilikuwa kimeegemezwa ukutani, mali ya mume.

Umbo la baiskeli lilichangia pia. Ile iliyoenea Kenya, maarufu kama black mamba, ni ya chuma kizito, na bomba lake la juu linatoka kwenye kiti moja kwa moja hadi kwenye usukani. Aliyevaa sketi au aliyejifunga leso hawezi kuvusha mguu. Za kike, zenye bomba lililoinama, zilikuwepo, lakini nyumba yenye uwezo wa kununua baiskeli moja ilimnunulia baba. Msichana aliyejaribu kupanda aliambiwa hana haya, na wapo waliotishwa kwamba wangepoteza ubikira. Biashara ya bodaboda ya baiskeli ilipochipuka mpakani Busia katika miaka ya 1960, mwanamke alipata nafasi kwenye baiskeli, lakini nyuma, ameketi upande.

Walikuwepo tangu mwanzo

Wapo wanaodhani kuwa mchezo wa kuteremka milima kwa baiskeli ulizaliwa wa kiume, kisha wanawake wakaomba kuingia. Kumbukumbu zinasema vingine. Mchezo huu ulianza miaka ya 1970 katika milima ya Marin, California, ambako vijana walifufua baiskeli kuukuu za matairi mapana na kushuka nazo kwenye njia za vumbi. Mashindano yao ya kwanza, yaliyoitwa Repack, yalifanyika tarehe 21 Oktoba 1976. Breki za kitovu cha gurudumu zilipata moto mteremkoni hadi grisi ikaungua, na ilibidi zipakwe upya kila baada ya safari, ndipo jina hilo likapatikana. Miongoni mwa vijana hao alikuwa Wende Cragg. Aliteremka nao, tena akawapiga picha, na picha zake ndizo zilizohifadhi historia ya mchezo huo.

Jacquie Phelan alifuata. Alikuwa bingwa wa Marekani mara tatu mfululizo, kuanzia 1983 hadi 1985, lakini kazi yake kubwa zaidi aliifanya mwaka 1987, alipoanzisha chama cha WOMBATS. Humo wanawake walifundishwa na wanawake wenzao namna ya kupita kwenye mawe, matope na miteremko, bila mtu wa kuwaharakisha wala kuwacheka.

Matunda yalionekana mapema. Ubingwa wa dunia wa kwanza wa baiskeli za milimani, uliofanyika Durango mwaka 1990, ulikuwa na mbio za wanawake, na Juli Furtado akashinda. Mchezo ulipoingia Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, wanawake na wanaume walishindana siku moja, na Paola Pezzo wa Italia akatwaa dhahabu. Linganisha na mbio za barabarani: wanaume walikuwa nazo katika Olimpiki tangu 1896, na wanawake wakasubiri hadi 1984.

Mama wa Froome na msitu wa Maathai

Kiambu ina sehemu yake katika historia hii. Karibu na mji wa Kikuyu, David Kinjah amewafundisha vijana wa kijijini kwa miaka mingi kupitia kikundi cha Safari Simbaz. Mwanafunzi wake anayejulikana zaidi ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, mshindi wa Tour de France mara nne. Aliyewakutanisha alikuwa mama wa Froome, Jane. Mama akiamini baiskeli, mtoto anafika mbali. Mama anayeiendesha mwenyewe atamfungulia bintiye njia kubwa zaidi.

Msitu wa Karura, kati ya Nairobi na Kiambu, una ushahidi mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, ardhi yake ilipogawiwa wajenzi, Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti ili kuutetea. Januari 1999 walishambuliwa huko na Maathai akapigwa kichwani. Msitu ulinusurika. Leo ndani ya uzio wake kuna njia za baiskeli na baiskeli za kukodi, na wanawake wengi wa Nairobi wameanza kuendesha pale, mahali penye walinzi na pasipo na magari. Njia hizo zipo kwa sababu mwanamke alikataa ziuzwe.

Kutoka Richmond hadi Kigali

Mwaka 2015, katika ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani mjini Richmond, Marekani, Jeanne d'Arc Girubuntu wa Rwanda alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika mweusi kushindana. Miaka kumi baadaye, Septemba 2025, mashindano hayo yalikuja kwao, Kigali, yakiwa ya kwanza kufanyika barani Afrika. Mwaka huo pia wanawake wa chini ya miaka 23 walipata mbio zao wenyewe kwa mara ya kwanza.

Kenya imepiga hatua katika mbio za barabara za changarawe. Migration Gravel Race, iliyoanza Maasai Mara mwaka 2021, inapita katika ardhi ya vumbi na mawe isiyotofautiana sana na ya Murera. Timu ya Amani, inayohusishwa na mbio hizo, imekuwa na Wakenya Nancy Akinyi na Kendra Masiga, Xaverine Nirere wa Rwanda na Florence Nakaggwa wa Uganda. Msichana wa Ruiru sasa ana majina ya kuyataja, ya watu wa kanda yake.

Murera ianzie wapi

Faida haziishii kwenye medali. Nchini Zambia, watafiti walifuatilia wasichana wa vijijini waliopewa baiskeli za kwendea shule. Siku za kukosa shule zilipungua kwa zaidi ya robo, na wasichana wakajiamini zaidi katika maamuzi yao.

Ili Murera nayo ipate faida hizo, kuna mambo manne ya kuanzia. Kwanza, wafundishaji wawe wanawake, kama Phelan alivyoona. Anayejifunza kushuka mteremko akiwa na umri wa miaka 35 anahitaji mwalimu anayeijua hofu yake.

Pili, baiskeli zimtoshe mpandaji. Baiskeli za mitumba zenye gia ziko sokoni, lakini nyingi zina fremu ndefu. Fundi anayejua kuchagua fremu fupi na kushusha kiti hadi mguu ufike chini atawabakiza wengi mchezoni.

Tatu, waendeshe kwa kundi. Upweke wa njia za mashambani na kero za barabarani ni sababu halali ya mwanamke kubaki nyumbani. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kiko hapa Juja, na Thika na Ruiru zina vyuo vyao. Maelfu ya wasichana wanaishi karibu na njia hizi. Baiskeli chache za kuazimana chuoni zinaweza kuanzisha kundi.

Nne, njia zenyewe zilindwe. Tangu Barabara Kuu ya Thika izinduliwe mwaka 2012, mashamba yanakatwa ploti na kuzungushiwa kuta. Kaunti ya Kiambu inapoidhinisha ugawaji huo, iache njia za umma kando ya mito. Njia ikishajengewa hairudi.

Mengi ya haya hayangoji bajeti. Vikundi vya wanaume vinavyokuja kuendesha huku wikendi vina baiskeli za akiba, zana na uzoefu. Vitenge Jumamosi moja kwa mwezi, vilete baiskeli hizo Murera, na vimkabidhi uongozi wa siku hiyo mwanamke anayejua kufundisha. Wanawake walizitumikia njia hizi kwa miguu kwa zaidi ya miaka mia moja, na wana haki ya kuzifurahia.