Kilengeo cha kioo hakiondoi haja ya kilengeo cha chuma

VILENGEO vya holografia vimeenea katika bunduki za askari, polisi na wawindaji duniani tangu vilipoingia sokoni mwaka 1996. Hata hivyo, wafunzi wa shabaha wanaendelea kusisitiza kwamba kilengeo cha chuma kisiondolewe, na kwamba kila kimoja kirekebishwe kwa risasi zake chenyewe.

Suala hilo lina uzito katika maeneo kama Kata ya Tingi, mkoani Ruvuma, iliyokuwa Wilaya ya Mbinga na sasa iko Wilaya ya Nyasa. Ukanda huo una Pori la Akiba la Liparamba, linalopakana na Msumbiji, na mashamba ya wananchi hayako mbali na wanyama wakubwa. Askari wa wanyamapori akimjeruhi nyati badala ya kumwangusha, anayelipa gharama ni mwanakijiji atakayekutana naye kesho yake njiani.

Kinavyofanya kazi

Kilengeo cha chuma ni cha kale na chepesi kueleweka: mwamba mdogo mbele ya mtutu, na tundu au pengo nyuma. Jicho huvipanga viwili hivyo katika mstari mmoja na shabaha.

Kilengeo cha holografia hutumia mwanga wa leza kuonyesha alama, kwa kawaida duara lenye nukta katikati, ambayo humwonekea mpigaji kana kwamba inaelea mbali, pale ilipo shabaha. Msingi wake ni ugunduzi wa Dennis Gabor wa mwaka 1947, uliompatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1971. Faida yake kubwa ni wepesi: mpigaji huacha macho yote mawili wazi na kuitazama shabaha tu.

Udhaifu wake ni kwamba kinategemea betri, kioo na sehemu nyingi ndogo zinazoweza kuathiriwa na joto au unyevu.

Fundisho la mwaka 2015

Novemba 2015, kampuni ya EOTech ya Marekani, wakati huo ikiwa chini ya L-3 Communications, ilikubali kulipa dola milioni 25.6 kumaliza madai ya serikali ya nchi hiyo. Ilidaiwa kwamba kampuni iliendelea kuliuzia jeshi vilengeo huku ikijua kuwa alama yake huhama hali ya joto inapobadilika sana, na kwamba unyevu ulipunguza mwangaza wake. Mapema mwaka huo, shirika la upelelezi la FBI lilikuwa limeugundua uhamaji huo kwa majaribio yake lenyewe.

Uhamaji huo hupimwa kwa dakika, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Dakika moja ni takriban sentimita 2.9 katika umbali wa mita 100. Alama ikihama dakika nne, risasi hukosa kwa karibu sentimita 12, tofauti inayotosha kuikosa mishipa ya moyo na kumwacha mnyama na jeraha.

Ufukwe wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali sehemu za milima ya Umatengo zinapita mita 1,500. Hali ya hewa hupungua joto kwa digrii sita hivi kila mita 1,000 za kupanda. Tofauti hiyo si kubwa kama ya majaribio ya Marekani, lakini bunduki iliyoachwa ndani ya gari juani mchana, kisha ikatumika alfajiri yenye ukungu, hupitia mabadiliko makubwa zaidi.

Hatua za kurekebisha

Kazi huanza na kilengeo cha chuma, cha holografia kikiwa kimezimwa. Bunduki huegemezwa mahali imara, kisha hupigwa risasi tatu hadi tano za aina ileile itakayotumika kazini. Kinachopimwa ni kitovu cha kundi la matundu, si tundu moja.

Kilengeo cha nyuma husogezwa upande unaotaka risasi iende. Cha mbele husogezwa kinyume chake. Risasi zikipiga juu, mwamba wa mbele hupandishwa. Wengi hukosea hapa na kuongeza kosa badala ya kulipunguza.

Baada ya hapo kinawashwa cha holografia. Mpigaji anaweza kuanza kwa kuiweka nukta juu ya ncha ya mwamba wa chuma, lakini huo ni mwanzo tu. Akiishia hapo, kosa lolote la chuma litakuwa limenakiliwa kwenye kioo. Ni lazima apige tena na kurekebisha kwa skrubu zake.

Katika vilengeo vingi vya aina hii, mlio mmoja wa skrubu ni nusu dakika. Kundi likiwa sentimita tatu kulia katika mita 100, milio miwili inatosha. Kosa hilohilo likionekana katika mita 25, itahitajika milio minane. Kutotofautisha umbali huo hupoteza risasi nyingi bure.

Aidha, kilengeo hukaa juu ya mtutu, sentimita sita hadi saba katika bunduki nyingi za kisasa za kijeshi. Kwa hiyo risasi huanza chini ya mstari wa jicho, huukata ikipanda, kisha huukata tena ikishuka. Marekebisho ya mita 25 hayana budi kuthibitishwa katika mita 100.

Shahidi wa kila siku

Vyote viwili vikishakamilika, mpigaji hutazama nukta kupitia kilengeo cha chuma na kukariri inapokaa. Siku nukta hiyo ikionekana pengine, kimojawapo kimehama. Mara nyingi ni cha kioo, au skrubu zake zimelegezwa na mshindo wa bunduki kubwa kama .375, lakini mwamba wa chuma nao hupinda ukigongwa. Risasi chache uwanjani ndizo zitakazoamua.

Ukaguzi huo unafaa kufanywa baada ya bunduki kuanguka, kusafirishwa mbali, kubadilishiwa betri au aina ya risasi. Ufanyike katika uwanja ulioidhinishwa, wenye kingo ya udongo, na kwa silaha yenye leseni, kama inavyotakiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.