Nguzo Isiyo na Cha Kung'oa

Ukishuka matatu pale Westlands, inua macho. Katikati ya magorofa utaona nguzo za chuma zilizosimama kwa mguu mmoja, nene chini, nyembamba juu, zimebeba antena za simu. Mimi napiga hesabu za nguzo kama hizo kwenye karakana moja ya Industrial Area. Wengi hudhani umbo lile ni fasheni tu. Mimi nikiliona nakumbuka vitu viwili: bei ya ardhi na wizi.

Turudi nyuma kidogo. Neno "simu" lenyewe asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na waya wa telegrafu ukaja nayo bega kwa bega. Kule Nandi waya huo ukageuka bangili na mapambo. Waingereza wakaufanya wizi huo sababu mojawapo ya kutuma majeshi, na Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei akauawa. Serikali iliona wizi. Wenye ardhi, ambao hawakuombwa ruhusa, waliona kitu kingine.

Karibu karne moja baadaye, shaba bado ilikuwa inaibwa. Nyaya za simu za mezani zilikatwa na kuuzwa. Halafu 2000 Safaricom na Kencell wakaanza kushindana, na simu ya mkononi haikuhitaji waya hadi mlangoni. Ilihitaji mnara.

Mnara tuliouzoea una miguu mitatu au minne, vyuma vyembamba vilivyofungwa kwa nati na bolti. Adui yake ni upepo: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Miguu iliyotanuka hugawana mzigo huo, hivyo chuma kidogo kinatosha. Nguzo ya mguu mmoja hupambana kwa upana na unene wake pekee, kwa hivyo kwa urefu uleule mara nyingi inakula chuma zaidi. Na chuma tunauziana kwa kilo. Lakini ile ya mguu mmoja inakaa kwenye kona ya parking, na Westlands kona ndiyo ghali.

Kisha ikaja tarehe 11 Januari 2022. Minara ya laini ya Kiambere–Embakasi ilianguka Imara Daima na stima ikapotea nchi nzima. Serikali ililaumu watu wanaong'oa vyuma vya minara. Siku 9 baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Katikati ya bangili za Nandi na mizani ya skrepu kulikuwa na zaidi ya miaka 100, lakini swali lilikuwa lilelile: ni nini kinachoweza kufikiwa na mkono?

Kwenye nguzo ya mguu mmoja, karibu hakuna. Karibu. Chini kabisa kuna nati za msingi, na kuna shaba ya kupeleka radi ardhini.

Kotesheni yangu ya kwanza ya nguzo ilikuwa na mistari ya kawaida: chuma, kuchovya kwenye zinki, lori, krane, msingi. Mstari wa mwisho ulikuwa nati zisizofunguka kwa spana ya kawaida. Mteja akasema bei iko juu. Bosi akaweka kidole pale pale. "Toa hiyo. Ni nati tu, nani anaangalia chini?"

Nikaitoa.

Nguzo bado imesimama. Iko nyuma ya ukuta, kando ya flati ambapo watoto hucheza mpira jioni. Kila nikipita naangalia chini kwanza, nahesabu nati, ndipo naangalia juu.

Siku hizi nati hizo hazina mstari wake. Naziweka ndani ya bei ya msingi. Wateja hubishana kuhusu kilo za chuma, lakini sijaona aliyebishana kuhusu kitu kitakachofukiwa.