Vijana Wasio na Kwao

Katika mwezi wa Oktoba, mwaka wa 1929, soko la hisa la New York lilianguka, na anguko lile likabomoa mambo mengi ambayo watu walidhani hayabomoki. Mabenki yalifunga milango, viwanda vikazima moto, na mazao ya wakulima yakakosa wanunuzi. Ilipofika mwaka wa 1933, yapata robo ya wafanyakazi wote wa Marekani hawakuwa na kazi. Habari hizi zimesimuliwa mara nyingi, nami sitazirefusha. Ninalotaka kueleza ni habari ya kundi moja lililosahauliwa upesi: vijana waliotoka makwao wasiwe na pa kulala, na jinsi Serikali yao ilivyowajengea paa, kisha ikaliondoa.

Wengi wao hawakuondoka kwa utundu. Baba alikuwa hana kazi, mama amekwisha uza vyombo, na wadogo wanalia njaa. Kijana wa miaka 17 au 20 aliona kwamba kinywa chake kimekuwa mzigo, na kwamba akiondoka chakula kitawatosha waliobaki. Wengine waliaga, wengine walitoka alfajiri bila ya kumwamsha mtu. Nauli hawakuwa nayo, basi walidandia magarimoshi ya mizigo, wakilala juu ya makaa au baina ya ng'ombe, wakienda kila mahali paliposemwa kuwa pana kazi. Kampuni moja ya reli, Southern Pacific, iliandika kwamba katika mwaka wa 1932 peke yake iliwateremsha watu waliopanda bila ruhusa zaidi ya mara 680,000. Bila shaka mtu mmoja aliweza kuhesabiwa mara nyingi, kwa maana aliyeteremshwa leo alidandia tena kesho. Wako walioteleza wakakatwa miguu na magurudumu, na wako waliofariki katika mabehewa. Watu wa zama zile walikisia kuwa vijana waliokuwa njiani walifika robo milioni.

Kwa kijana mweusi hatari ilikuwa maradufu. Mwezi wa Machi, 1931, vijana tisa weusi waliteremshwa kutoka katika garimoshi la mizigo huko Alabama, wakashtakiwa kwa kosa ambalo hawakulitenda, na katika muda wa majuma machache wanane kati yao wakahukumiwa kufa. Hukumu hizo hazikutekelezwa, lakini wengine walikaa gerezani miaka mingi, na jimbo lilikamilisha kazi ya kuwasafisha majina mwaka wa 2013, wakati ambapo wote walikuwa wamekwisha fariki.

Sasa, msomaji atauliza: miji haikuwa na nyumba za maskini? Ilikuwa nazo. Lakini mlangoni palikuwa na karani, na swali lake la kwanza halikuwa, "Una njaa?" Lilikuwa, "Kwenu ni wapi?" Sheria za Marekani juu ya maskini zilirithiwa kutoka Uingereza, ambako tangu karne ya 17 kila parokia ilitakiwa kuwalisha maskini wake yenyewe na kuwarudisha wageni walikotoka. Kwa sheria hizo, mtu hakustahili msaada mpaka awe amekaa katika jimbo kwa muda uliowekwa, mwaka mmoja mahali pengi, na kwingine zaidi. Kijana mpita njia alipewa supu na kitanda kwa usiku mmoja, pengine mawili, kisha akaambiwa aendelee na safari. Mji wa pili ulimfanyia vivyo hivyo. Kila mji ulitimiza sheria yake barabara, na kijana akazidi kuzunguka. Aliyeondoka kwao kwa miezi mingi alipoteza haki zake huko pia, hata ikawa katika nchi nzima hapana mahali pa kumwita mtu wao.

Sisi wa Kenya hatuna haja ya kwenda mbali ili kulifahamu jambo hili. Sheria za uzururaji zililetwa katika nchi yetu mwaka wa 1898, na katika siku za ukoloni kijana aliyekutwa Nairobi bila kazi wala makao aliweza kukamatwa na kurudishwa katika sehemu iliyosemwa kuwa ndiyo yake, hata kama huko hakuwa na shamba wala mzazi. Sheria ya uzururaji ilidumu katika vitabu vyetu mpaka ilipofutwa mwaka wa 1997.

Franklin Roosevelt alishika urais mwezi wa Machi, 1933. Kabla mwezi haujaisha, Bunge lilikuwa limekubali kuundwa kwa kikosi cha vijana cha kuhifadhi ardhi na misitu, kilichojulikana kwa herufi CCC. Kambi ya kwanza ilifunguliwa mwezi wa Aprili katika msitu wa Virginia, na ilipofika Julai vijana wapatao 275,000 walikuwa katika kambi 1,300. Jeshi liliwapa mahema, na baadaye mabanda ya mbao. Wakapata viatu, nguo, daktari, na milo mitatu kwa siku. Walipanda miti, wakazima mioto ya misitu, wakazuia mmomonyoko wa udongo. Na jioni wasiojua kusoma walifundishwa. Anayeifahamu Huduma ya Vijana kwa Taifa, iliyoanzishwa Kenya mwaka wa 1964, ataweza kuipiga picha maisha ya kambi zile. Kikosi hicho kilidumu hadi 1942, na katika miaka hiyo tisa vijana karibu milioni tatu walipitia humo.

Walakini tazama masharti yake. Kijana alipata dola 30 kwa mwezi, na kati ya hizo dola 25 zilipelekwa kwa jamaa zake. Kwa miaka ya kwanza walioandikwa walichaguliwa hasa katika nyumba zilizokuwa zikipokea msaada wa Serikali. Mpango huo ulikuwa mzuri kwa mzazi aliyekaa nyumbani akingoja hundi. Lakini yule kijana wa garimoshi, asiye na anwani wala mtu wa kupelekewa dola 25, alibaki nje. Kambi zilizosifiwa kwa kuwaondoa vijana barabarani hazikuwa na nafasi kwa wengi waliokuwa barabarani. Wasichana nao hawakuruhusiwa kabisa. Walifunguliwa kambi chache za namna yao, kwa juhudi za Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, na zilipofungwa mwaka wa 1937 zilikuwa zimepokea wasichana wapatao 8,500. Ama vijana weusi, sheria ilikataza ubaguzi, lakini mwaka wa 1935 mkuu wa kikosi aliamuru watengwe katika kambi zao.

Kwa wale waliobaki nje ulikuwako mpango wa pili, nao haukupigiwa ngoma. Tarehe 12 Mei, 1933, Bunge lilitoa dola milioni 500 kwa msaada wa dharura, chini ya usimamizi wa Harry Hopkins, na ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kifungu kifupi kilichoruhusu fedha zitumike kwa watu wasio na makazi katika jimbo lolote. Hopkins alikitumia. Yeyote aliyekuwa hajatimiza miezi 12 katika jimbo alihesabiwa kuwa mgeni wa Serikali Kuu, na gharama yake ikalipwa na Serikali Kuu. Kwa neno hilo moja, kikwazo cha kale kiligeuka kikawa kibali: kutokuwa na kwenu ndiko kulikokupa haki ya kuingia.

Vilifunguliwa vituo mijini na kambi mashambani, na baadhi zilitengwa kwa ajili ya vijana. Mtu aliandikwa jina, akaoga, nguo zake zikatiwa mvuke ili chawa wafe, daktari akamtazama, kisha akapewa kitanda. Hakuambiwa aondoke asubuhi. Katika kambi alifanya kazi ya barabara au ya bustani kwa chakula, malazi na fedha kidogo, kama dola moja kwa wiki au zaidi kidogo. Si kitu cha kujivunia ukilinganisha na dola 30 za wale wengine, tena vituo vingine vilikuwa vichafu na vimejaa mno. Hata hivyo palikuwa mahali pa kulala bila ya kufukuzwa, na kwa vijana wengi ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi kulala usiku wa pili katika kitanda kile kile.

Mpango huu ulikaa miaka miwili tu. Mwezi wa Septemba, 1935, vituo viliamriwa visipokee mtu mpya, kwa kuwa Serikali iliamua kutoa kazi badala ya misaada na kuwarudishia majimbo mzigo wa wasioweza kuajiriwa. Lakini majimbo yalikuwa na sheria zao zile zile za ukaazi, na kazi mpya nazo ziligawiwa kwanza kwa wenyeji. Wanasiasa hawakuona sababu ya kulitetea jambo hili, nami naona sababu yao ilikuwa nyepesi kuifahamu: mtu asiye na makazi hapigi kura mahali popote. Wazazi waliopokea dola 25 walikuwa wapiga kura.

Matokeo hayakukawia. Mwezi wa Februari, 1936, mkuu wa polisi wa Los Angeles alipeleka askari 136 mipakani mwa California, mamia ya maili kutoka katika mji wake, wawazuie wasio na fedha wasiingie. Kwa wiki kadhaa walisimama katika njia za magari na za reli, wakiwarudisha watu nyuma. Wananchi wa nchi moja walikuwa wageni ndani ya nchi yao.

Mwaka wa 1941 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jimbo halina mamlaka ya kumzuia mtu kuingia kwa sababu ya umaskini wake. Sharti la kukaa mwaka mzima kabla ya kupata msaada halikuguswa na uamuzi huo. Liliondolewa na mahakama hiyo hiyo mwaka wa 1969, wakati ambapo vijana wa magarimoshi waliokuwa wangali hai walikuwa watu wazima wenye wajukuu.