Nairobi hadi Dar ni mbali aje? Inategemea nani amekasirika

Ukiuliza simu yako, itakujibu fasta: Nairobi hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 670 kwa ndege, saa moja na dakika ishirini hivi angani. Ukienda na barabara ni karibu siku nzima, na basi linapita hapa kwetu Kitengela, linaingia Kajiado, Bissil, hadi Namanga.

Lakini kuna miaka sita na ushei ambapo hizo namba hazikumsaidia mtu.

Turudi nyuma kidogo. Kuanzia 1946 tulikuwa na shirika moja la ndege, East African Airways, makao makuu Nairobi. 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zikaunda Jumuiya ya Afrika Mashariki, ofisi kuu Arusha. Reli moja, posta moja, ndege moja. Safi, si ndio?

Haikudumu. Nyerere alikuwa anajenga ujamaa, Kenyatta anasukuma biashara huria. 1971 Idi Amin akapindua serikali ya Uganda, na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Juu ya hayo, walivutana kuhusu pesa za ndege: nani alipe, nani anafaidi. Januari 1977 shirika likafa, Kenya ikaunda Kenya Airways mwezi huo huo. Februari, Tanzania ikafunga mpaka. Namanga ikapigwa kufuli hadi Novemba 1983.

Mimi niliacha chuo, lakini hii topiki niliisoma kidato cha nne. "Taja sababu tano za kuvunjika kwa Jumuiya." Nilipata zote tano. Kile sikuambiwa na mwalimu, niliambiwa na koko.

Koko yangu ni wa Bissil. Dada yake aliolewa Longido, upande wa Tanzania, hata kilomita mia haifiki. Anasema magari yalipotea barabarani, ukitaka kuvuka unapita porini kwa miguu, ukiomba usikutane na askari. Mama yao alipofariki mwaka wa 1980, habari zilifika Longido mazishi yakiwa yamepita. Dada mtu hakumwaga hata mchanga kwa kaburi la mamake. Koko akifika hapo kwa hadithi, huwa ananyamaza, anaongeza chai kwa kikombe ambacho bado kimejaa.

Na usidhani haya ni ya wazee tu. Agosti 2020, wakati wa korona, Kenya iliacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wageni wake hawatawekwa karantini. Tanzania ikazuia ndege za Kenya Airways hadi Septemba. Januari 2024 tena, mvutano wa ndege za mizigo, Tanzania ikatangaza itasimamisha safari za Kenya Airways za Nairobi–Dar. Walielewana haraka, lakini tangazo lilikuwa limeshatoka.

Leo Namanga ina kituo kimoja cha pamoja, kilizinduliwa 2018. Unagongewa muhuri, unaenda. Naipenda hiyo. Ila najua kilomita hazijabadilika tangu 1977. Kilichobadilika ni wakubwa kuongea.

Leo jioni mpigie koko, shosho au bibi yako. Muulize alikuwa na nani ng'ambo mpaka ukifungwa. Kisha njoo utuambie.