Bibi wa Magomeni na Nyumba ya Vyumba Sita

Kwenye kitambulisho cha taifa, bibi huyu wa Magomeni alizaliwa tarehe 1 Januari 1932. Wajukuu walikuwa wanamtania kwamba dunia nzima inapiga fataki kwa ajili yake. Ukweli ni kwamba tarehe ile ilibuniwa siku ya kujiandikisha, kama ilivyokuwa kwa wazee wengi wa rika lake ambao hakuna mtu aliyeandika walizaliwa lini. Mwenyewe alikuwa na hesabu yake: vita vya Hitler vilipoanza, yeye alikuwa anang'oka meno ya utoto. Vita vilianza 1939. Toa miaka saba, hesabu inakubali.

Amefariki akiwa na miaka karibu 89, chumbani kwake, ndani ya nyumba yake. Na hapo kwenye "nyumba yake" ndipo penye habari, kwa sababu aliijenga bila kupewa na mtu: si baba, si mume, si serikali.

Alitoka Uzaramo, vijiji vya upande wa Kisarawe. Aliolewa kabla hajafika miaka 16, ndoa ikavunjika mapema, na badala ya kurudi kwa wazazi kusubiri posa nyingine akaja Dar es Salaam kwa shangazi yake, Kariakoo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mji wa wakati ule ulikuwa unawataka wanaume: wapagazi wa bandarini, vibarua wa reli, watumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Mwanamke aliyekaa mjini bila mume alitazamwa vibaya na maofisa wa kikoloni, na hata majirani walikuwa na la kusema. Bibi hakubishana na mtu. Alianza kupika vitumbua.

Unayenunua vitumbua viwili kwenye mfuko ukiwahi daladala, hebu fikiria kazi yake kabla ya blenda. Mchele unalowekwa usiku. Alfajiri unatwangwa kwenye kinu, unachekechwa, unachanganywa na tui la nazi, hamira na iliki, unaachwa uumuke. Nazi nayo haijikuni, mtu anaikalia mbuzi usiku uleule. Kisha chuma juu ya makaa, kimoja kimoja, moshi machoni, ili ikifika saa kumi na mbili asubuhi beseni liwe limejaa na wanaume wanaoelekea bandarini wale wakiwa njiani. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 40.

Hela ya vitumbua peke yake isingejenga nyumba. Iliyojenga ni upatu. Wanawake kumi wanaoaminiana, kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na kila awamu mmoja anachukua chungu kizima. Hakuna benki iliyokuwa inamkopesha muuza vitumbua asiyejua kusoma, kwa hiyo wakakopeshana wao kwa wao. Miaka hiyo serikali ya kikoloni ilikuwa inapima viwanja Magomeni ili kupunguza msongamano wa Kariakoo na Ilala. Zamu yake ya upatu ilipofika alichukua kiwanja, na karatasi ikaandikwa jina lake.

Nyumba yenyewe ni ileile unayoiona mpaka leo kwenye mitaa ya zamani ya Dar: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kuna jiko na choo, mbele baraza. Ilianza na miti na udongo. Bati za kwanza zilikuwa za madebe yaliyonyooshwa. Alianza na vyumba viwili, kimoja akalala, kingine akapangisha. Kodi ya hicho ikajenga cha tatu. Wanaodhani "kujenga kidogo kidogo" ni mambo ya vijana wa Goba na Kivule wamechelewa sana.

TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, na Bibi Titi Mohamed alipoanza mwaka uliofuata kuwahamasisha wanawake wa Dar, hakuanzia sifuri. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, na vikundi vya ngoma, maulidi na upatu vilikuwa tayari vimewaunganisha mamia ya wanawake. Ndiyo yalikuwa magrupu ya enzi hizo. Wengi wao walikuwa kama bibi huyu: Waislamu, wasio na elimu ya shule, waliowahi kuachika, wenye biashara ndogo na kipato kisichopitia mkononi kwa mume. Walikuwa na uhuru wa kwenda mkutanoni jioni bila kuomba ruhusa. Bibi alinunua kadi, alikwenda Mnazi Mmoja, aliimba. Kwenye vitabu vya shule watu kama yeye wameandikwa "akina mama", basi, jina hakuna.

Ila sifa za bure hakuzitaka. Mwalimu Nyerere alijenga Magomeni baada ya kuacha ualimu Pugu, na nyumba ile ya Mtaa wa Ifunda sasa ni makumbusho. Ukikaa na wazee wa mitaa ile, kila wa pili alimpikia Mwalimu chai. Bibi alikuwa anasema yeye alimwona tu akipita.

Mume wa pili alikuwa fundi seremala. Ndiye aliyehamia kwa mke, na majirani hawakukosa la kusema. Walizaa watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likatangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, redio ikawa inaimba kujitegemea asubuhi na jioni, na mwenzetu alikuwa kwenye somo hilo mwaka wa kumi na tano. Mwaka 1971 zikaja sheria mbili zilizomgusa kwa namna tofauti kabisa. Ya kwanza ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Maghorofa ya katikati ya mji yakachukuliwa. Nyumba ya udongo ya vyumba sita haikufikia hata robo, ikapona. Ya pili ni Sheria ya Ndoa, iliyosema wazi kwamba mke ana haki sawa na mume ya kumiliki mali yake. Ndoa yao ilipovunjika miaka michache baadaye, fundi aliondoka na sanduku lake la randa na misumeno. Nyumba haikuwa na mjadala.

Halafu ikaja miaka ya 1980, na hapa ndipo wajukuu wanapaswa kusikiliza vizuri. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha, hazina imekauka. Sukari foleni, sabuni foleni, unga wa njano kutoka Marekani. Mtoto wake mkubwa wa kiume alikuwa na ajira kiwandani, yenye kitambulisho na mshahara wa mwisho wa mwezi, kitu ambacho familia nzima ilikuwa inakionea fahari. Mshahara ukawa hauvuki wiki mbili. Aliyelisha nyumba ile, pamoja na mke wa huyo mwanaume na watoto wake, ni mwenye beseni. Ilikuwa hivyo kwenye nyumba nyingi za Dar: mwenye kazi anategemea "mradi" wa mama, na heshima ya mezani inahama kimyakimya.

Serikali haikuliona hivyo. Mwaka 1983, mwaka uleule wa msako wa wahujumu uchumi, ikaja Nguvu Kazi. Asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa na kupelekwa kijijini kulima. Mtu ambaye jasho lake lilikuwa linalisha watu tisa akahesabika mzururaji. Bibi aliacha kuzunguka na beseni, akauzia barazani kwake mpaka upepo ulipopita. Huwezi kumkamata mtu kwa kuzurura akiwa kwenye baraza la nyumba yake mwenyewe.

Mengine yalikwenda haraka. Ruksa ya Mzee Mwinyi, mitumba, televisheni ya 1994, hija ambayo alijilipia. M-Pesa ilipoingia mwaka 2008 alijifunza haraka kuliko watoto wake, maana alikuwa hataki wapangaji wampe kodi "kesho".

Mkali alikuwa, hilo lisifichwe msibani. Alimtoa mpwa wake kwenye chumba kwa deni la miezi mitatu. Na kuna jambo moja zito zaidi. Binti yake mkubwa, aliyezaliwa 1956, aliachishwa shule darasa la nne. Mikono ya kukuna nazi na kutwanga mchele ilihitajika, na ada ilitosha kwa wavulana tu. Kaka zake wakasoma hadi sekondari. Kujitegemea kule kote kulikaa juu ya mgongo wa mtoto wa miaka kumi na moja, na bibi hakuwahi kulizungumza. Kitu pekee alichofanya ni kumkabidhi binti huyo daftari la kodi miaka ya uzeeni, ingawa wote walijua kaka mtu ndiye anayejua mahesabu.

Miaka yake ya mwisho, mabasi ya mwendokasi yalianza kupita Barabara ya Morogoro, 2016, na viwanja vya Magomeni vikawa dhahabu. Madalali walikuja na juisi na maneno matamu. Watoto wa kiume walitaka ahamie Mbezi, kwenye nyumba yenye geti na marumaru, auze kile "kibanda". Alikwenda siku nne. Siku ya tano alipanda daladala peke yake, bila kuaga, akakutwa barazani anagombana na mpangaji kuhusu maji.

Hakuacha maandishi. Familia ilikubaliana mirathi iende kwa sheria ya Kiislamu: mafungu sita, kila mtoto wa kiume mawili, kila wa kike moja. Nyumba ya vyumba sita. Maana yake binti aliyeacha shule ili nyumba isimame, aliyemwogesha mama yake miaka mitatu ya mwisho, fungu lake ni sawa na kile chumba anacholala. Kaka zake wanataka kuuza wagawane hela. Yeye na mdogo wake hawataki. Mahakama ya Mwanzo imeombwa iteue msimamizi wa mirathi, na shauri limeahirishwa mara mbili.

Kwa sasa wapangaji wanne wanaendelea kulipa kila tarehe tano. Binti anaandika kwenye daftari lilelile, mwandiko wa darasa la nne, herufi kubwa kubwa, na risiti anatoa.