Mbegu za bure kila uchaguzi, lakini nani anafundishwa kuzitengeneza? Uzi kutoka Ramisi

Uzi huu ni mrefu. Tafuteni chai.

Kila msimu wa siasa hapa Kwale lazima mbegu ziingie kwenye mjadala, na pande ni zile zile mbili. Wa kwanza wanasema mbegu za kisasa ni mtego wa wazungu, turudi kwa mbegu za babu zetu. Wa pili wanasema mkulima wa Pwani anakaa maskini kwa kuwa hataki mbegu bora, basi mheshimiwa ataleta lori agawe. Nimezisikia hoja hizi kwenye baraza, redioni na humu mtandaoni mpaka nazijua kwa moyo. Mimi ni mtu wa Ramisi, na leo nataka tuongee muhogo, maana historia ya muhogo inazivuruga hoja zote mbili.

Tuanze na Kaleso. Kama umelima Kwale au Kilifi na una umri kidogo, hilo jina umelisikia. Ukiuliza utaambiwa ni mbegu ya zamani, ya wazee. Ya zamani ni kweli. Lakini hii mbegu ya wazee ina namba ya maabara: 46106/27. Ilitengenezwa Amani, kule milima ya Usambara. Vuka Lunga Lunga na Horohoro, fika Tanga, shika njia ya Muheza halafu panda mlima. Kwa mtu wa Ramisi, Amani iko karibu kuliko Nairobi.

Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti pale Amani mwaka 1902, na baada ya Vita vya Kwanza Waingereza wakaichukua. Miaka ya 1930 shida kubwa ilikuwa batobato, ule ugonjwa unaokunja majani ya muhogo na kuyatia madoa ya manjano. Mtafiti mmoja, H. H. Storey, akaanza mwaka 1935 kutafuta muhogo unaoweza kuvumilia. Mihogo ya kawaida aliyoipata haikutosha. Akageukia jamaa wa muhogo, mti wa mpira wenye asili ya Brazil ambao ulikuwa umeshaletwa Afrika Mashariki kwa ajili ya utomvu. Ule mti hauumwi ovyo na batobato. Tatizo lake hauna mizizi ya kula.

Sasa hapa ndipo penye elimu yenyewe, msiruke. Unachukua chavua ya ua moja unaiweka kwenye ua la mwingine kwa mkono. Watoto wanaotoka wana ukinzani wa mpira, lakini mizizi yao ni kama kamba. Basi unawachukua wale waliopona unawazalisha tena na muhogo wa kawaida. Unapanda, unasubiri, unachimba, unatupa karibu wote. Unarudia. Unarudia tena. Kaleso ilitokana na kurudishiwa damu ya muhogo mara tatu. Kila mara ni misimu ya kusubiri, na kila mbegu inayotoka kwenye tunda la muhogo ni mtoto tofauti na nduguye, kwa hivyo hakuna njia ya mkato. Kazi ilianza 1935 ikafungwa 1957. Miaka 22. Hesabu hiyo ni chaguzi ngapi kwa kalenda ya sasa.

Kwa hivyo wewe unayesema "turudi kwa mbegu za babu", sikatai, lakini mbegu mojawapo ya babu ilitoka kwa mtu wa maabara. Na wewe unayesema mkulima wa Pwani hapendi mbegu mpya, nani aliyeitunza Kaleso miongo yote hii, kijiti kwa kijiti, bila lori la mtu? Kusini mwa Tanzania kuna muhogo unaitwa Namikonga. Wanasayansi walipopima vinasaba vyake walikuta ni kitu kimoja na Kaleso. Wakulima wa nchi mbili wameutunza muhogo mmoja kwa majina mawili.

Na uzuri wa Kaleso hauko kwenye batobato tu. Mwaka 1936 Storey huyo huyo alieleza ugonjwa wa pili, michirizi kahawia. Huu ndio unaotuumiza sisi watu wa pwani, maana ni mnafiki. Majani yanaweza kuonekana mazuri kabisa, mti umesimama, unajipa matumaini. Siku ya kuchimba unakata mzizi, ndani kumeoza rangi ya kahawia, mgumu kama kizibo, hata ng'ombe anaukataa. Nimemwona jirani yangu akichimba shina baada ya shina akitafuta la kupika jioni ile. Mwaka mzima wa kupalilia, na hakujua mpaka siku ya jembe. Kibandameno tunaoupenda kwa utamu huu ugonjwa unaushika vibaya. Kaleso inauvumilia kuliko mingi.

Turudi 1957. Makala za Amani zilibeba majina ya Storey, Nichols na Jennings. Waliochavusha, waliopalilia na kuchimba majina yao hayakupanda juu ya makala. Mradi ulipofungwa, ujuzi ulibaki kwenye vichwa vya wachache walioondoka, na kwenye mbegu zilizotumwa kwingine. Baadhi zilifika Ibadan, Nigeria. Miaka ya 1970 taasisi ya kimataifa ya IITA pale Ibadan ikazitumia kuzalisha mihogo mipya. Na mosaiki kali ilipoifagia Uganda kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, mihogo iliyosaidia kuinua mashamba ilikuwa na ukoo wa Ibadan. Yaani damu ilitoka Usambara, ikaenda Afrika Magharibi, ikarudi Ziwa Victoria. Sisi tuliokuwa mlango wa pili kutoka Amani tulibaki na vijiti.

Mtu atasema, "Si kampuni za mbegu zipo? Acha soko lifanye kazi." Hebu tuangalie soko. Mahindi yana kampuni tangu 1956, Kenya Seed pale Kitale. Mwaka 1964 ikatoka H611, chotara ya mahindi ya Kitale na ya Ecuador, ikabadilisha nyanda za juu. Chotara ukipanda mbegu zake mwenyewe msimu wa pili mavuno yanashuka, kwa hivyo mkulima anarudi dukani. Pwani tulisubiri zaidi: Coast Composite 1974, Pwani Hybrid 1 mwaka 1989, na PH4 mwaka 1995. Hata sasa kuna misimu tunagawiwa mahindi ya nchi za baridi, waliotugawia siwataji, na mahindi yanakauka kabla ya kubeba huku Mdzihana ya nyanya inasimama.

Muhogo haurudi dukani. Ukikata pingili leo, mwaka kesho unakata nyingine, unampa shemeji, shemeji anampa rafiki yake wa Kikoneni. Kampuni itakula nini hapo? Ndiyo maana kila mahali muhogo ulipoendelezwa ni pesa za umma au za wafadhili zilizolipa watu wakae na kazi miaka mingi. Hii sehemu kwenye mijadala yetu haisemwi kabisa, na kwangu mimi ndiyo kiini cha yote.

Mfano upo karibu, Mtwapa. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Pietermaritzburg, kilianzisha kituo cha kufundisha Waafrika uzalishaji wa mbegu hadi shahada ya uzamivu. Mpangilio wake naupenda: miaka miwili darasani kule, halafu mitatu unarudi kwenu, unafanya utafiti kwenye zao la watu wako, udongo wa watu wako. Theresia Munga wa kituo cha Mtwapa aliandika tasnifu yake huko, ikakamilika 2008, kuhusu kuzalisha muhogo unaokinza michirizi kahawia Pwani ya Kenya. Mwishoni mwa miaka hiyo Mtwapa ikatoa mihogo yenye majina ya kwetu: Tajirika, Karibuni, Karembo, Shibe, Siri, Nzalauka. Mtu mmoja aliyesomeshwa na kubaki amefanya kazi ambayo malori kumi hayafanyi. Halafu huwa tunapiga makofi kwa lori.

Najua kuna watu wataleta sheria hapa, na wako sawa. Sheria ya mbegu ilirekebishwa 2012, ikafanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa: faini ya hadi shilingi milioni 1 au jela hadi miaka 2. Kwa maandishi, shemeji na pingili zake ni mhalifu. Wakulima 15 walikwenda mahakamani 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Nilifurahi. Lakini tusijidanganye: pingili ndiyo inayobeba virusi kutoka shamba hadi shamba. Uhuru wa kubadilishana tumeupata, sasa tunahitaji mtu wa kutuonyesha pingili ipi ni safi. Askari hawezi kazi hiyo.

Na GMO, maana najua iko njiani kwenye maoni. Kaleso si GMO, ni chavua na mkono. Muhogo wa GMO unaokinza michirizi kahawia ni kitu kingine, ulipata kibali cha mamlaka ya usalama wa viumbe mwaka 2021, na suala zima la GMO likaingia kortini baadaye. Unaweza kuupinga au kuuunga mkono, ni haki yako. Ila usitumie jina la mmoja kumtisha mkulima wa mwingine.

Kabla sijamaliza, neno la miwa, maana mtu wa Ramisi hawezi kuandika bila miwa. Kiwanda kilianza 1927, kikafa 1988, na kila mjadala wetu ni wa ardhi na madeni. Sawa, ni mambo makubwa. Lakini wangapi mnajua kwamba kituo cha kuchanganya aina mpya za miwa ya Kenya nzima kiko hapa Pwani, Mtwapa, kwa sababu hewa yetu inafanya muwa utoe maua vizuri? Ile CO ya CO 421, iliyotawala mashamba ya magharibi kwa miongo, ni Coimbatore, India, ambako walianza kuchanganya miwa mwaka 1912. Maua yapo kwetu. Sheria ya Sukari ya 2024 imeunda taasisi ya utafiti na mafunzo ya sukari, neno mafunzo limo kwenye jina lake. Vijana wa Ramisi wangapi watakaa kwenye hayo madarasa?

Kwa Katiba ya 2010 ushauri wa kilimo ni kazi ya kaunti, na utafiti umebaki kwa serikali ya taifa, KALRO. Kila upande unaweza kumrushia mwenzake mpira, na wanarusha kweli. Kwa hivyo wenzangu, bajeti ikitoka, acheni mstari wa "ununuzi wa mbegu", ule daima upo. Tafuteni mstari wa kusomesha mtu na wa kumlipa akirudi. Mkiupata, nitumieni ukurasa nauweka hapa chini kwa jina la aliyeuona.